Nilimuoza Délice kwa Simu

Kilibula, Uvira

Kwa dada yangu mukubwa, Yaya Marie-Jeanne, kule Buyenzi, Bujumbura.

Yaya wangu mupenzi, salamu nyingi, nyingi sawa vile mvua ya mwezi wa ine. Nakusalimia kwanza weye mwenyewe na ule mugongo wako. Umepata nafuu? Yale majani niliyokutumia wakati wa Pasaka uliyakanda ao uliyaacha yakakauka juu ya kabati? Nakujua. Nasalimia bwana yako Damien na macho yake, bado anapitisha uzi mu sindano bila miwani? Nasalimia Pitchou, mutoto wetu, na pikipiki zote anazotengeneza, na mikono yake yenye mafuta; mwambie mama yake mudogo anaishika hivyo hivyo. Nasalimia na yule mama Muswahili wa ng'ambo ya barabara aliyenipa maji siku ile ya joto, jina lake limenitoka lakini maji yake sijayasahau.

Huku kwetu tuko. Bwana yangu Eugène iko muzima, bado anashusha mizigo ku bandari ya Kalundu, bega la kuume linamuuma lakini ukimuuliza anasema ni lako ndilo linauma. Bibi, mama yake, iko. Masikio yamefunga kabisa, lakini ukitaja ndagala mu chumba kingine anasikia. Libérat iko anasoma, amerefuka mupaka suruali zake zote zimekuwa kaptula. Belyse jino la mbele limetoka, analificha mu kisanduku cha kiberiti na kila mugeni lazima alione, hata kwako lingekuja kama ningemuachia Délice alibebe. Ziwa imerudi nyuma kidogo mwaka huu, imeturudishia mulango na ukuta mumoja wa choo. Tunamushukuru Mungu.

Kuhusu binti yangu Délice sikuandikii habari yake, juu iko mbele yako, ndiye amekuletea barua hii na ule mufuko wa ndagala. Mupe chai na umuache akae. Usimuulize kitu. Nimemukataza kufungua kinywa mupaka umalize kusoma. Na usimupe Pitchou akusomee. Soma weye mwenyewe, pole pole, sawa vile minye ninaandika pole pole. Masomo yangu unayajua, yaliishia darasa la pili, ile siku baba alisema mbuzi nazo zinahitaji muntu. Lakini tangu ninaenda kwa wamama wa parokia jioni kujifunza kusoma, soeri, mutawa anayetufundisha, anasema mukono wangu umenyooka. Ukikuta kosa, ujue ni la mukono, si la roho. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu, Yaya, iliniponza. Utaona.

Unajua Délice alipata diplome yake ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, na alipita vizuri. Kiisha akakaa. Université ya kulipa hatukuweza. Akawa ananisaidia kuanika samaki, lakini kila jioni anachukua ile simu yenye kioo kilichopasuka anatoka inje kutafuta bursi ya kumulipia masomo. Minye nilifikiri bursi ni kitu muntu anapewa na mukubwa anayemujua mu biro. Akanieleza kwamba siku hizi inatangazwa ku enternete, mbele ya kila muntu, ya Moroko, ya Algeria, ya China, ya India, na kila moja iko na masharti yake. Hii inataka umuri fulani, ile inataka uandike ukurasa mumoja kueleza juu ya nini unataka kusoma, ingine inataka barua ya mwalimu aliyekufundisha. Nikamuuliza, na ya kweli unaitambua namna gani? Akasema ile inayoanza na kukuomba pesa siyo bursi, ni mutego. Nikafikiri, huyu mutoto nani alimufundisha akili hizi? Jibu nililipata baadaye, nitakuambia.

Alikataliwa, Yaya. Alikataliwa kwa upole, na mara zingine hawakujibu kabisa. Alisoma ile mesaji, akaweka simu chini, akaenda kuosha vyombo. Nilikuwa ninajua habari kwa kelele ya masufuria.

Kiisha ikaja moja ya wasichana wanaotoka kando ya maziwa, ya kwenda Moroko kusoma mambo ya maji: namna inapanda, namna inashuka, namna ya kuizuia isiingie kwa watu. Hii akaishika na mikono miwili. Mu ule ukurasa mumoja aliandika juu ya mwaka ziwa iliingia kwetu, tukapandisha kitanda cha Bibi juu ya matofali, na asubuhi tukakuta samaki wadogo wanaogelea chini yake, na Bibi anatuuliza juu ya nini hatuwapike. Nilipomusikia akinisomea nilicheka, kiisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Sasa unanijua mudogo wako. Mama yetu kule Luberizi alitufundisha kwamba mimba na safari havitangazwi. Ukitangaza, muntu mwenye roho mbaya anafunga njia. Basi nikawakusanya wote mu nyumba, nikawakataza. Muntu asijue. Bibi nilimukataza mara mbili juu hasikii. Libérat nikamuambia nitamukata ulimi. Wakituuliza Délice anafanya nini, tunajibu anangoja tu. Anangoja nini? Anangoja tu.

Ile dosiye ya kuomba bursi ilitaka namba ya simu ya muzazi. Délice aliweka yangu. Alinieleza, lakini siku ile nilikuwa ninasugua chumvi mu samaki na nikajibu ndiyo, ndiyo, sawa vile muntu anajibu kuku.

Basi asubuhi moja niko ku Kalundu pamoja na wamama wengine tunangoja mitumbwi ishushe ndagala. Pembeni yangu iko Mama Chérie, jirani yetu, tunagawana naye ukuta. Huyu Mama Chérie, Yaya, ukikohoa kwako anakuambia dawa kwake. Hakuna gunia linaloingia Kilibula asijue lina nini ndani. Wa kwanza niliyekuwa ninamuficha ni yeye. Simu ikalia. Sauti ya mwanamuke, Swahili safi kama ya redio. Akanisalimia kwa heshima, akauliza kama huku ni nyumbani kwa Délice, yule musichana aliyeomba bursi ya kwenda kusoma inje.

Simu yangu inapiga kelele, kila muntu anasikia. Vinywa vyote pale vikafunga, masikio yote yakafunguka. Nikasema moyoni, huyu ametumwa, kuna muntu anavua siri yangu na ndoano ya simu. Nikajibu kwa sauti kubwa ili wote wasikie: Délice gani wa bursi? Wangu aliacha masomo zamani. Ameolewa ku Makobola, bwana yake analima mihogo. Na sikuishia pale, ulimi ulikuwa umeshika mbio. Nikaongeza na mimba iko.

Yule mama akasema hongera. Na minye nikasema asante. Yaya, nilisema asante!

Nilirudi nyumbani sawa askari aliyeshinda. Nikawasimulia namna nilivyomufukuza muchawi wa simu. Eugène alicheka mupaka bega likamuuma. Libérat akauliza mahari ilikuwa ngapi. Délice hakucheka. Akaniuliza, sauti ilikuwa ya mwanamuke? Ilikuwa inasema kama redio? Nikasema ndiyo, ulijuaje? Akakaa chini, juu ya gunia la makaa, na sketi yake nyeupe ya misa.

Akaniambia taratibu kwamba wale wa bursi, wakibaki na wasichana wachache wa kuchagua, wanapiga simu kwa wazazi kuuliza kama mutoto bado iko, bado anataka. Kiisha akasema, mama, umenioza. Umenioza bila hata mbuzi moja.

Siku ile masufuria hayakulia. Aliyaacha na uchafu wake, na ile ndiyo iliniogopesha zaidi ya kelele yoyote.

Tulipiga ile namba, haipokei. Usiku sikulala, mchana sikula. Délice akaanza kuwaandikia ukweli, anaandika anafuta, anaandika anafuta, na muntu mumoja alikuwa anamusaidia kwa simu kupanga maneno. Jina lake nitalitaja mbele, usiwe na haraka. Wakajibu. Walisema wako na habari mbili kutoka nyumba moja, na hawajui ya kweli ni ipi. Basi wanaomba majina ya majirani watatu wasio wa ukoo, watawapigia wenyewe siku wanayotaka, bila muzazi kuwa karibu, wawaulize kama huyu Délice iko nyumbani ao iko Makobola na mimba.

Wa kwanza tulimuweka Papa Thaddée, shefu wa kartiye, mukubwa wa mutaa wetu. Wa pili ni mwalimu Étienne aliyemufundisha hesabu. Wa tatu, walisema, awe mwanamuke anayeona nyumba yenu kila siku. Délice akaniangalia. Libérat akaniangalia. Hata Bibi akaniangalia, na sijui alisikia nini. Ukuta tunaogawana ni mumoja tu. Na yule mama alisimama pembeni yangu ku Kalundu akasikia uongo wangu wote na masikio yake. Wakimupigia, atasema nini?

Nilibeba sahani ya sombe, majani ya mihogo, nikaenda kwake. Nilimukuta anachambua ndagala. Nikaanza kuzungumusha maneno: ziwa, chumvi, bei ya makaa, afya ya watoto wake. Akaniacha nikimbie mupaka nikachoka. Kiisha akafuta mikono, akaanza kucheka, na akicheka Mama Chérie kuku wanatoka.

Akaniuliza, ile simu ya Délice nilifikiri inapata moto wapi, na kwangu hakuna umeme? Inapata ku pano ya umeme wa jua ya Mama Chérie mwenyewe, tangu masika iliyopita. Na enternete nilifikiri inashika wapi? Inashika nyuma ya jikoni yake tu, na ile ngoma ya maji, pipa lililogeuzwa, ni kiti cha Délice, hakuna muntu mwingine anaruhusiwa kukalia. Ule ukurasa wa samaki chini ya kitanda alisomewa yeye kwanza, kabla yangu minye, na alilia. Papa Thaddée anajua, ndiye aliandika ile karatasi ya kwamba mutoto anakaa huku. Mwalimu anajua. Wamama wa Kalundu wanajua. Waliambiana, mama Délice anataka siri yake, tumuachie.

Unasikia, Yaya? Mutaa muzima ulikuwa unanifichia siri yangu.

Akasema ile siku nilipomuoza mutoto kwa simu aliuma kitenge chake ili asicheke, na tangu siku ile wamama wanauliza bia ya harusi iko wapi. Nikacheka na minye, nikafikiri imeisha. Lakini akaacha kucheka. Akaniangalia, akaniuliza kwa sauti ndogo: Mama Délice, tangu tunagawana ukuta, kitu gani kibaya nilishakufanyia?

Nilitafuta. Nilitafuta kweli, Yaya, juu muntu akiuliza hivyo unataka kupata hata kimoja cha kujisaidia. Sikupata. Aliniletea moto wakati kuni zangu zilikuwa zimelowa. Alimubeba Bibi mugongoni siku ya maji. Nikaweka sahani ya sombe chini, mbele yake.

Walimupigia. Eugène alinikataza kuwa karibu, na minye nilitii, nilikuwa kwangu, lakini ukuta ni ule mumoja na sikio langu liliugusa lenyewe. Nikamusikia anasema: Makobola? Hapana mama, hakuna cha Makobola. Mutoto iko hapa, ametoka kuchota maji, nimuite? Mama yake alidanganya juu anatuogopa macho. Ni muntu muzuri, ana woga tu, na woga wake wote ni wa huyu mutoto. Kiisha nikasikia anacheka, na mule mu simu nikasikia redio nayo inacheka. Wakamuuliza yule mama yake sasa iko wapi. Akajibu, iko nyuma ya ukuta anatusikiliza.

Jibu lilikuja siku ya Mungu, tumetoka misa. Délice alisoma akiwa amesimama pale ku ngoma ya maji. Aliingia jikoni, na minye roho ikaanguka. Kiisha akatoka na sufuria kubwa na mwiko, akaipiga, akaipiga, mupaka Mama Chérie akatoka na yake. Wamemukubali, Yaya. Masomo, kulala, kula, na tiketi ya ndege, vyote juu yao. Bibi alicheza bila kujua ni ya nini.

Sasa nafika fasi ngumu ya barua hii.

Délice hakuja kukutembelea. Ndege yake inatoka pale pale Bujumbura, siku ya Mungu hii inayokuja. Kilibula yote inajua, Kalundu inajua, wale ndagala unaowaona ni wa Mama Chérie, amekutumia. Muntu ambaye hajui ni weye peke yako, dada yangu wa tumbo moja.

Ningekuambia nilitaka kukushangaza. Hapana. Nilikuogopa. Mama Chérie nilimuogopa mudomo tu. Weye nilikuogopa roho. Nakumbuka Pitchou naye alivyotafuta bursi, namna yule komisioneri, dalali wa bursi, aliwalaghai, Damien akauza mashini yake ya kwanza ya kushona, na jamaa akapotea na pesa. Nakumbuka nilipokuja kukupa pole, ulisema bila kuniangalia kwamba bursi ni za watoto wa wengine. Neno lile nililibeba mupaka nyumbani. Nikajiambia, Marie-Jeanne akisikia wangu amepata, roho yake itafunga fundo, na fundo la dada mukubwa linafunga njia kuliko la jirani. Ndivyo nilivyofikiri juu yako. Weye uliyenibeba mugongoni kuvuka muto Luberizi wakati viatu vyangu vilichukuliwa na maji, ukanipa vyako, ukatembea peku.

Na sikiliza hili. Ule muntu aliyekuwa anamusaidia Délice kwa simu ni Pitchou wako. Yeye ndiye alimufundisha kutambua mutego, juu alianguka mu shimo na anajua liko wapi. Yeye alimusahihisha ule ukurasa. Yeye alipanga yale maneno ya kuniondolea aibu. Alimuomba Délice asikuambie, hakutaka kukuamusha kidonda. Watoto wetu walikuwa pamoja siku zote hizi, na minye nilikuwa ninashikilia mulango ufunge.

Mama Chérie aliponiuliza kitu gani alishanifanyia, nilisikia sauti yako. Na kwako pia sikupata jibu.

Basi nakuomba vitu viwili. Kwetu mutoto haendi mbali bila mama yake mukubwa kumuwekea mukono ku kichwa. Ningeweza kuvuka minye mwenyewe, karatasi za frontiere, za kuvuka mupaka, ninazo, Eugène alishanitafutia fasi mu gari. Nimekataa. Fasi yangu ku uwanja wa ndege nimekupa weye. Umushike mukono mupaka pale wanapokataza watu. Na kama roho yako sasa hivi imefunga fundo juu ya niliyoandika, usimuwekee mukono kwanza. Nipigie, unitukane mupaka fundo liishe, kiisha umuwekee.

Kitu cha pili kiko mu mufuko wake, karatasi ya bursi ingine, ya mafundi wa mashini, wavulana na wasichana, inafunga mwisho wa mwezi huu. Hawaombi pesa, tulichunguza. Délice amemuambia Pitchou, amekataa, anasema yeye na enternete waliachana. Lakini weye anakusikiliza. Muambie mama yake mudogo anataka kupiga sufuria mara ya pili. Ila Yaya, wakiomba namba ya simu ya ukoo, usiwape yangu.

Nisalimie Damien, nisalimie Pitchou, umukumbatie na mafuta yake yote. Huku Eugène, Bibi, Libérat, Belyse na jino lake wanakusalimia, na Mama Chérie naye, anasimama pale mulangoni anauliza kama nimeandika jina lake. Nimeandika.

Nijibu haraka, Yaya, kabla siku ya Mungu haijafika. Neno moja tu linatosha, kama umemuwekea mukono. Nitakuwa ku Kalundu na simu mu mukono, katikati ya wamama wote. Piga tu, uniulize kama niko na mutoto anayeenda kusoma ng'ambo. Nitajibu kwa sauti.

Ni minye, mudogo wako,

Concilie, mama Délice